Nilivyowapeleka Watafiti Madunguni

Vijana wangu, mnaponisikia naitwa Mzee Chuo hapa gereji, msidhani nilikwenda huko kusoma. Shule yangu iliishia darasa la nne, mtihani ukaniacha kama ulivyowaacha wengi. Lakini chuo kikuu nimekiendesha. Nimekiendesha kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti, na kutoka Kibiti hadi Nyamisati, masika na kiangazi. Kuna safari kilijaa tope, kuna safari kilijaa damu, kuna safari kilijaa maswali, na siku nyingine kilikuwa na viti vya watoto vimefungwa juu ya keria, miguu yake ikitazama mbinguni.

Dereva wa basi anajua anakokwenda. Dereva wa mkubwa anajua mkubwa hapendi mashimo. Dereva wa watafiti hajui kitu. Anaambiwa, "Athumani, twende tukaone," naye anawasha gari. Tukaone nini? Wenyewe hawajui. Wangejua wasingekwenda. Hilo lilinichukua muda kulielewa, na nilipolielewa ndipo nikaipenda kazi.

Nianze na tope, maana kwetu huku tope ndiyo mwalimu mkuu. Kulikuwa na Profesa mmoja wa viumbe wa majini, mzee mpole, suruali yake haijapata kukauka magotini. Tunakwenda zetu, mara anapiga paa la gari.

"Athumani, simama!"

"Kuna nini, Profesa?"

"Tope."

"Profesa, tope lipo tangu Mbagala."

"Hili ni jingine."

Anashuka, anachota, ananusa, ananipa na mimi ninuse. "Hili la kijivu linanuka yai viza. Hewa haipiti. Hili hapa lina matundu ya kaa, linapumua. Umeona?" Nilisema moyoni, mtu mzima na elimu yake ananusa tope mchana kweupe. Lakini masika hayohayo nilikuwa peke yangu kwenye njia ya Nyamisati, njia imegawanyika mbili, zote zimelowa. Nikashuka. Nikaangalia huku na huku hakuna mtu, nikainama, nikanusa. Nikapita penye kaa, na nikavuka. Tangu siku hiyo sijamcheka tena mtu anayekiangalia kitu kidogo kwa muda mrefu.

Aliyenifundisha gari lenyewe ni Mzee Chande, Mzaramo wa Kisarawe, dereva mkubwa wa chuo kabla yangu. Maneno yake yalikuwa machache. "Maji usiyoyatembea kwa miguu, usiyatembee kwa gari." Nilimwitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha masika yangu ya kwanza, karibu na Bungu, nikakuta dimbwi limeziba barabara. Katikati amesimama mtu, maji yanamfika magotini. Nikasema haya, kama yeye yanamfika magotini, Landrova itapita inaimba. Nikaingia. Kumbe yule bwana amesimama juu ya shehena ya boriti za mikoko! Lori lilikuwa limemwaga mzigo humo asubuhi, naye ndiye mwenye mzigo, anaulinda. Maji yakaingia mpaka kwenye viti. Yule bwana akanitazama kwa huruma, akasema, "Ungeniuliza ningekwambia." Mzee Chande aliposikia hakunigombeza. Alicheka mpaka akakaa chini, na kila nilipopeleka gari masika akaniambia, "Muulize mwenye boriti."

Basi sikilizeni niwape kazi kidogo, kabla sijapotelea kwenye hadithi. Kwenye maji, ulegeze kwanza mkanda wa feni, feni isije ikairushia injini maji ikazimika. Kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi, na pampu uwe nayo, maana kupunguza kila mtu anaweza. Kwenye tope la mfinyanzi, chagua gea yako ukiwa bado pakavu, ukishaingia usibadili, usiguse breki, mguu uwe mmoja tu na uwe mtulivu. Na kupakia mzigo ni elimu yake. Makaratasi ya watu wa elimu hukaa juu, ndani ya nailoni, kwa sababu mtafiti wa elimu akilowa hana kitu. Sanduku la barafu la watu wa afya hukaa katikati, si juu ya ekseli, kwa sababu damu haitaki kurushwarushwa. Ndoo za Profesa hukaa nyuma kabisa, na mlango unaachwa wazi kidogo, kwa sababu ya harufu.

Hiyo damu nayo ina kisa chake. Tulifika kijiji kimoja cha delta na watu wa afya, wanataka tone la kidole cha kila mtu wapime malaria. Kijiji kikakimbia chote. Walibaki kuku. Uvumi ulikuwa umetutangulia kwamba gari la chuo linanyonya damu za watu zikauzwe. Wenye elimu wakaanza kueleza, wanawaeleza kuku. Mzee Chande ndiye aliyekuwa anaendesha siku hiyo, mimi msaidizi. Alikwenda akakaa kwenye kiti kile cha kupimwa, akanyoosha kidole, akaita kwa sauti, "Anzeni na mimi." Mzee yule aliogopa sindano kuliko simba. Alifumba macho, akatokwa jasho, akasoma Yasini. Alipochomwa akapiga ukelele uliosikika mpaka mtoni, na ule ukelele ndio uliowarudisha watu. Walitaka kuona ni nani anayelia. Wakamkuta mzee mzima ananyonya kidole, wakacheka, na wakicheka hivyo wakapanga foleni.

Sasa ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nyinyi hamkuiona. Ghafla maduka ya Kibiti yakajaa: sabuni ya kunukia, khanga za kuchagua, redio, mitumba inamwagwa chini Alhamisi sokoni mpaka wazee wakavaa makoti ya baridi kwenye jua. Mabasi ya watu binafsi yakaja na honi za kuimba. Kila kitu kikawepo, ila chuoni kwetu ndiko vitu vikaadimika. Springi hakuna, matairi hakuna, watu wakapunguzwa kazi. Mzee Chande akapumzishwa, akarudi Kisarawe kulima mananasi, na nilimwona baadaye amenenepa, hana kinyongo. Landrova zilizokuwa zimejaa uwanjani zikabaki na kunguru wanaototoa ndani yake. Ikawa idara zinagombea gari kama abiria wa mwisho.

Ndipo siku moja ofisa wa usafiri akaniita, nikakuta watu watatu wamesimama mbele ya meza yake, kila mmoja kanuna.

Wa kwanza alikuwa Dokta Namsifu, mama wa Kipare, mfupi, mwepesi, mtafiti wa mbu wa malaria. Wa pili Mwalimu Rwegasira, mhadhiri wa elimu, Mhaya mrefu, shati lake lilibaki limenyooka hata baada ya vumbi la safari nzima. Wa tatu Bi. Zainabu, binti wa Tanga, ndiyo kwanza ameajiriwa kufundisha usanifu, amebeba ubao wa kuchorea mkubwa kama mlango. Wote wanakwenda delta, upande wa Maparoni, wiki hiyohiyo, na kila mmoja aliahidiwa gari lake.

"Gari ni moja," ofisa akasema. "Pakianeni."

"Mimi natega mbu magharibi na nawatoa alfajiri," akasema Dokta. "Huyu anataka shule asubuhi. Tutafanyaje?"

"Na mimi nahitaji kukaa tu na watu niwaangalie," akasema Bi. Zainabu.

"Kuwaangalia wanafanya nini?" akauliza Mwalimu Rwegasira.

"Wanavyokaa."

Mwalimu akageukia dari. Safari ile mpaka Kibiti hakuna aliyeongea na mwenzake. Wote waliongea na mimi. Dokta ananiambia elimu ni kuuliza watu mambo wanayoyajua tayari. Mwalimu ananiambia mbu hawajawahi kujenga taifa. Bi. Zainabu ananiuliza kiti cha dereva kinaniumiza mgongo upande gani. Huyo nilimpenda mapema.

Tulilala Kibiti, asubuhi nikawapeleka Nyamisati, gari nikaliacha kwa mtu wangu pale bandarini, tukapanda boti ya injini. Kwa desturi dereva hubaki na gari. Lakini mimi ni Mndengereko, mama yangu ana ndugu huko visiwani, watafiti wakaniomba niwe mdomo wao kwa wazee wasiopenda Kiswahili cha mjini.

Shuleni tukakuta mwalimu mkuu, Mwalimu Salumu, amekaa darasani na watoto wachache waliotawanyika kama meno ya mzee. Mwalimu Rwegasira akafungua makaratasi yake.

"Wengine wako wapi?"

"Madunguni."

Ni lazima niwaeleze, maana siku hizi nyinyi mnaujua wali tu, mpunga hamuujui. Mpunga ukianza kutoa masuke, familia nzima inahamia shambani. Wanajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, sakafu ya fito, ili maji yakija yapite chini na nguruwe pori nao wapite chini. Wanakaa huko mpaka mavuno, wanaamia ndege, yaani wanawafukuza wasile mpunga. Mtoto ndiye mwenye macho na mbio, kwa hiyo mtoto ndiye anayeamia. Shule inabaki na watoto wa mwenye duka.

Mwalimu Salumu akasema taratibu, hana hasira, "Na huko juu wameanza kusema shule isiyo na watoto haihitaji walimu. Wakinihamisha mimi na mwenzangu, hapa patakuwa ghala."

Mwalimu Rwegasira akafunga makaratasi. "Basi tutarudi baada ya mavuno, watakapokuwepo."

"Mimi sirudi," akasema Dokta Namsifu. "Kama wanalala mpungani, huko ndiko waliko mbu wangu. Nakwenda."

"Na mimi nakwenda," akasema Bi. Zainabu, "nikaone hayo madungu."

Mwalimu akabaki anawatazama. Boti ni moja. Akapanda.

Tukaingia mto mdogo, boti ikabaki kwenye maji mengi, sisi tukaendelea kwa mtumbwi mpaka mashambani. Mpunga ule, wallahi, ulikuwa unang'aa. Dungu la kwanza tulilofika lilikuwa la Bi. Siwema, mjane wa makamo, amesimama chini na kombeo mkononi, anarusha vidonge vya udongo na wala hatutazami.

"Shikamoo mama," akasema Mwalimu Rwegasira. "Sisi tunatoka chuo kikuu. Tunafanya utafiti kuhusu sababu za watoto kutokwenda shule."

"Marahaba." Akarusha kidonge. "Sababu hizo hapo zinaruka."

"Lakini mama, elimu ya mtoto ni..."

"Mwanangu, utaamia wewe?"

Akamkabidhi kombeo. Na Mwalimu, kwa heshima, akalipokea. Kidonge cha kwanza kilikwenda nyuma, kikampata mwenye mtumbwi. Tulicheka wote, hata Dokta, na ndipo barafu ikaanza kuyeyuka kati yao.

Kicheko kilikatwa na sauti kutoka juu. Kulikuwa na shangazi mtu mzima kwenye dungu, na alikuwa anaita, "Siwema! Siwema, mtoto!" Tukapanda. Binti wa Bi. Siwema, jina lake Sikudhani, wa umri wa kuanza kusoma, amelala juu ya mkeka, mwili moto kama jiko, macho yamegeuka, viungo vinamruka. Degedege.

Bi. Siwema akamshika Dokta Namsifu mkono. "Nasikia wanakuita Dokta. Mtibu."

Dokta akamgusa mtoto paji la uso. "Mama, mimi ni daktari wa mbu. Si wa watu. Lakini najua kinachomsumbua, na najua kinatibiwa wapi. Lazima afike Kibiti leo."

Shangazi akakatalia mlangoni. "Degedege haliendi hospitali. Akichomwa sindano anakufa. Nimewaona."

Nikadhani sasa Dokta atatoa hotuba. Hakutoa. Alikaa chini kwenye fito, akazungumza kwa sauti ya chini, mimi nikitafsiri pale maneno yalipogoma. "Bibi, uliowaona walifika wamechelewa. Chukua dawa zako zote, njoo nazo. Mfukize na mchue njia nzima, ila njia hiyo iwe ya kwenda Kibiti." Shangazi akaanza kufunga majani yake kwenye khanga.

Tukashuka, tukakuta maji yamekupwa. Mto mdogo tuliokuja nao umekuwa tope tupu, mtumbwi umelala ubavu, na boti iko kule kwenye mto mkubwa. Ukimbeba mtoto mkononi unazama naye. Mwenye mtumbwi akasema tungoje maji yajae. Dokta akatikisa kichwa, akisema hatuna muda huo.

Bi. Zainabu alivua karatasi zake kwenye ubao wa kuchorea, akazitupa kwenye mtumbwi kama takataka, akaulaza ubao juu ya tope, akausukuma kwa mguu. Ukateleza. Akatoboa kwa kisu pembeni, akapitisha kamba ya mtumbwi, akatandika mkeka. Ilikuwa kazi ya dakika. Tukamlaza Sikudhani pale. Mimi na mwenye mtumbwi tukavuta, mimi mbele nikitafuta matundu ya kaa kwa macho kama nilivyofunzwa, mama na shangazi wakishika pembeni. Nyuma anasukuma Mwalimu Rwegasira, tope kiunoni, na lile shati lake siku hiyo halikunyooka tena.

Kwenye boti shangazi alimchua mtoto, degedege likaachia, lakini alikuwa amelegea kama kitambaa. Nyamisati nikakuta njia imepigwa na mvua ya mchana. Vijana, kila nilichowaeleza pale mwanzo kuhusu tope la mfinyanzi, nilikitumia alasiri ile. Gea ya pili, mguu mmoja. Moyo unataka kukimbia, mguu unakatazwa. Niliogopa jambo moja tu, kwamba nyuma kutanyamaza.

Hakukunyamaza. Mwalimu Rwegasira alikuwa amempakata mtoto kichwa mapajani, mama yake kashika miguu.

"Sikudhani, nitajie ndege wanaokula mpunga. Mimi sijui, natoka kwenye ndizi."

Kimya. Kisha sauti ndogo, "Mnana."

"Mnana. Na nani?"

"Tongo."

"Tongo. Na tembo?"

"Tembo... si ndege."

"Ahaa. Na mwewe, anakula mpunga?"

"Hali."

"Una hakika?"

Akaendelea hivyo njia nzima, anakosea kwa makusudi, na kila akikosea mtoto anarudi kutoka alikokuwa anakwenda ili amsahihishe. Nimewaendesha maprofesa wengi wa elimu. Somo zuri kuliko yote nililisikia kwenye kioo cha nyuma siku hiyo.

Kituo cha afya walimpokea haraka, wakamtundikia dripu ya kwinini. Jua lilipokuwa linachwea Dokta alitoka ndani akaegemea boneti, akafuta miwani kwa ncha ya khanga ya shangazi. Asubuhi Sikudhani aliomba uji, akasema hauna sukari. Bi. Siwema akasema, "Huyo ni yeye."

Tulikaa Kibiti mpaka mtoto aruhusiwe. Watafiti wangu hawakuwa na pa kwenda, kwa kuwa gari ni moja na dereva nimesema siondoki. Wakawa wanakaa kwenye mlango wa nyuma wa Landrova, nimeushusha kama benchi, wanakunywa chai na vitumbua. Na ndipo kwa mara ya kwanza wakaanza kuulizana.

"Hojaji yangu inauliza kwa nini mtoto haji shule," Mwalimu akasema. "Jibu la kwanza, umaskini. La pili, umbali. La tatu, mwamko mdogo wa mzazi. Dungu halimo."

"Na mimi naweka mitego vijijini," Dokta akasema, "na mwezi wa mpunga nashangaa mbu wengi, wagonjwa hawapo. Kumbe wagonjwa wamehamia kwa mbu."

Bi. Zainabu alikuwa anachora kwenye karatasi ya vitumbua. "Kwani shule lazima ikae palepale mwaka mzima?"

Wakanyamaza. Mwalimu akasogea amwangalie anachochora. Mimi nikaenda kuongeza chai, maana nilishajifunza kwamba watafiti wakinyamaza pamoja, jambo limeanza.

Mchoro wa kwanza alionyeshwa Bi. Siwema palepale uani kwa kituo cha afya. Darasa la juu ya nguzo, kubwa, zuri, lina kuta za fito na madirisha. Akaugeuza mchoro, akaugeuza.

"Ni zuri. Ila humu ndani mtoto atawaonaje ndege?"

Bi. Zainabu akachukua kalamu, akafuta kuta zote mbele yake. "Hivi?"

"Hivyo sawa. Na liwe kwenye ukingo wa shamba, si katikati. Katikati ni mpunga."

Msimu uliofuata likajengwa. Boriti za Nyamisati, makuti ya hapohapo, mafundi wa Maparoni, na Mwalimu Salumu akagawana siku na mwenzake, mmoja kijijini, mmoja madunguni. Watoto wa madungu ya karibu wakawa wanakuja humo wakati ndege wamepungua, na wazazi wakapokezana kuamia. Dokta Namsifu na Bi. Zainabu wakashonesha chandarua cha kutundikwa kwenye kilele cha dungu, kinashuka kama hema. Mimi niliwaambia wazi, hivyo vyandarua mtavikuta mtoni vinavua uduvi. Dokta akasema, "Tutaona, Athumani." Niliporudi tena nikapanda madungu, nikavikuta vinaning'inia, vimechanika, vimetiwa viraka vya khanga. Watu hawaweki kiraka kwenye kitu wasichokitaka. Nilikosea, na nilicheka peke yangu kwa furaha ya kukosea.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda kama maji. Ngedere waliiba chaki, wakajipaka puani. Vijiji vingine vilisema hapana asante. Fedha za utafiti zilikwisha, kama zinavyokwisha, na darasa lile baadaye likawa linafanyiwa matengenezo na wazazi wenyewe, mwaka mwingine linapata mwalimu, mwaka mwingine linakosa. Lakini shule haikufungwa, na Mwalimu Salumu alistaafia palepale. Na wale watatu tangu hapo wakawa wanaomba gari moja hata pale ofisa aliposema leo yapo mawili.

Mnaniuliza kila mara, mzee, watafiti wale walikuwa na faida gani? Mmoja ananusa tope, mmoja anahesabu mbu, mmoja anauliza maswali, mmoja anaangalia watu wanavyokaa. Mimi si mtu wa kujibu maneno makubwa. Nawapa siku moja tu.

Ilikuwa wiki za mwanzo za darasa la madunguni. Nimewaleta watu, nimekaa chini kwenye kivuli cha sakafu, Bi. Siwema yuko karibu yangu anaamia kwa zamu yake. Juu, Mwalimu Rwegasira anafundisha mwenyewe siku hiyo, kwa kuwa alipenda. Kila mtoto alimtamkia sentensi ya mambo yake, naye akaiandika ubaoni, na sasa kila mtoto anasoma ya kwake. Ikaja zamu ya Sikudhani. Sauti yake ndogo ikawa inashuka kwetu vipandevipande kati ya fito.

Bi. Siwema akashusha kombeo. "Dereva, anasema nini?"

"Anasoma, mama."

"Najua anasoma. Nakuuliza anasema nini."

Na mimi nilikuwa sijasikia. Nikainuka, nikagonga nguzo. "Sikudhani! Mama yako hasikii huku chini. Soma kwa nguvu!"

Binti yule akasogea ukingoni, pasipo na ukuta, akajaza kifua, akasoma kwa sauti ya mtu anayeita boti ng'ambo:

"MAMA YANGU ANA MPUNGA MZURI. MNANA WAMEUONA!"

Kundi zima la mnana likaruka kutoka shambani, likazunguka, likaenda zake upande wa mikokoni. Watoto wakapiga makofi. Bi. Siwema akautazama mpunga, akatazama juu, kisha akanikabidhi kombeo na kukaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu.

"Basi mwache asome," akasema. "Mimi nipumzike."